Nambari 55 na Saratani ya Nchi ya Chai

Nimepotea kwa zaidi ya mwezi, najua. Wale mlioniandikia mkidai sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, mnisamehe, itakuja. Kilichonishika ni kazi ya programu ya zahanati, na ndani ya kazi hiyo, nambari moja tu: 55.

Mteja wangu (simtaji, na haina haja) alitaka programu ya simu ambayo muuguzi au mhudumu wa afya kijijini anajaza majibu ya mgonjwa, halafu programu inamwambia kama huyo mtu apelekwe hospitali kubwa. Mimi nilipewa sehemu ya kifua. Kikohozi kisichoisha, damu kwenye makohozi, kuishiwa pumzi, kupungua uzito, maumivu ya kifua. Walengwa wakuu walikuwa kifua kikuu na saratani ya mapafu, na hapo sina ugomvi, kwa sababu kwetu saratani ya mapafu mara nyingi hutibiwa kwanza kama kifua kikuu. Mgonjwa anameza vidonge vya TB kwa miezi huku uvimbe unakua. Kama programu inaweza kumshtua muuguzi mapema, hiyo ni kazi halali.

Mwishoni mwa orodha, kama kitu kilichokumbukwa wakati watu wanavaa makoti, kulikuwa na "shida ya kumeza". Masharti yake yalikuwa hivi: kama mgonjwa ana shida ya kumeza, na amepungua uzito, na umri wake ni 55 au zaidi, apelekwe. Aliye chini ya hapo apewe dawa za vidonda vya tumbo, arudi baada ya wiki sita.

Programu ingeanzia Bomet na Kericho. Kwetu ni Bomet. Mjomba wangu alikuwa na miaka 38.

Ilikuwa 2011, mimi nikiwa darasa la saba. Mjomba alikuwa na ekari moja na nusu ya chai, akipeleka majani kituoni kila alipochuma, na alikuwa mtu wa kula kwa sauti, wa kumsifu mpishi kabla hajamaliza sahani. Tulianza kuona anaweka kikombe cha maji kando ya ugali. Kila tonge, maji. Baadaye akaacha nyama, akisema ni meno. Baadaye akaacha ugali. Kwenye zahanati moja (hiyo pia siitaji) walimpa vidonge vya asidi, akarudi, wakampa vingine vya rangi tofauti. Miezi mitano ilipita hivyo. Siku aliposhindwa kumeza uji, nyanya yangu alisema hataki kusikia habari ya vidonge tena, akauza ndama, wakampeleka Tenwek. Huko wakamwingizia mpira wenye kamera kooni, na jibu likapatikana siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nilipoona 55 kwenye maelezo ya kazi sikuandika msimbo. Nilikaa nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa sababu ni historia ya data kama ilivyo historia ya ugonjwa.

Tuanze na jambo la msingi. Duniani, saratani inayoua watu wengi kuliko zote ni ya mapafu, na sigara ndiyo mshtakiwa wa kwanza. Ndiyo maana fomu nyingi za kifua zimejengwa kuizunguka. Lakini ndani ya mbavu hizohizo, nyuma ya bomba la hewa, kuna mrija mwingine unaoshusha chakula tumboni. Unaitwa umio. Saratani yake ni mbaya kwa namna ya pekee, maana umio unanyumbuka sana. Hausemi kitu mpaka njia imezibwa kwa sehemu kubwa. Mtu akianza kulalamika kwamba chakula kinakwama, ugonjwa umeshakaa muda mrefu.

Ukichora ramani ya dunia ya saratani hii haipati rangi moja. Kuna madoa meusi: kaskazini mwa Iran karibu na bahari ya Kaspi, wilaya ya Linxian nchini China, Transkei huko Afrika Kusini, na ukanda mrefu wa mashariki ya Afrika unaoanzia Ethiopia kwenda kusini. Magharibi mwa Kenya ni sehemu ya ukanda huo.

Nani aligundua kwamba sisi ni doa? Hapa historia inanifurahisha kama mtu wa kompyuta. Miaka ya 1960, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alitaka kujua ni saratani gani inapatikana wapi. Mwaka 1961 aliwahi kuendesha gari kuukuu pamoja na wenzake wawili, kama maili 10,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali habari za uvimbe wa taya za watoto, ule ambao leo una jina lake. Baadaye njia ikawa posta. Hospitali za Afrika Mashariki, nyingi za misheni, ziliombwa kutuma kila mwezi orodha ya saratani walizoziona. Paula Cook ndiye aliyekuwa akishughulika na hesabu. Fikiria: hakuna intaneti, hakuna programu, fomu na stempu tu. Lakini muundo wa data ni uleule ninaoujenga mimi leo: mahali, tarehe, umri, jinsia, aina. Mwaka 1969 N. Ahmed na Cook walichapisha makala kuhusu saratani ya umio magharibi mwa Kenya. Picha iliyojitokeza miaka hiyo ilikuwa ya kushangaza. Upande wa Kisumu ugonjwa ulikuwa mwingi, na ukienda magharibi mwa Uganda ukawa nadra. Safari ya siku moja kwa gari, na ni kama umeingia nchi yenye miili tofauti.

Ila data ya namna hiyo ina shimo ambalo kila mwandishi wa programu analijua. Inarekodi kile ambacho mtu aliweza kukiona. Hospitali isiyo na njia ya kuchungulia ndani ya umio inamwandika mgonjwa aliyekonda kuwa ni "tumbo" au "kifua". Hata jina la mahali lilikuwa tatizo: Bomet haikuwa wilaya mpaka 1992, kabla ya hapo ilimezwa ndani ya Kericho. Mtu wa kwetu aliyekufa kwa njaa huku chakula kikiwa mezani mwaka 1975, hakuna safu ya jedwali iliyomngoja.

Sasa Tenwek. Hospitali hii ilianza 1937 kama zahanati ya wamisionari wa World Gospel Mission, ikiendeshwa na muuguzi. Daktari wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika 1959, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa daktari wa kila kitu. Umeme ulikuwa wa jenereta ya dizeli, wa saa chache, mpaka walipotumia maporomoko ya mto Nyangores yaliyo chini ya hospitali kuendesha mtambo, mwaka 1987. Wengi wetu tulipelekwa kuuona tukiwa wanafunzi, tukakumbuka mandazi ya safarini kuliko mtambo. Leo nauangalia tofauti. Kamera ya kuingia kooni, taa yake, mashine za chumba cha upasuaji, friji la damu, vyote vinataka umeme usiokatika katikati ya kazi.

Miaka ya mwisho ya 1990 akafika daktari wa upasuaji Russell White, akaungana na wenzake waliokuwa wakiona jambo lilelile kila wiki: watu wasioweza kumeza. Walichofanya, na hiki ndicho kiini cha makala yangu, ni kuhesabu. Hawakuwa na maabara ya mabilioni. Walikuwa na rejista. Kila aliyeingizwa kamera na kukutwa na uvimbe aliandikwa: umri, anakotoka, ukoo, kama anavuta, kama anakunywa pombe. Mwaka 2002 walichapisha kwenye jarida la The Lancet makala fupi ambayo kichwa chake kwa Kiswahili ni kama kusema saratani ya umio ni ugonjwa wa kawaida kwa vijana wa wilaya ya Bomet. Vijana! Katika vitabu vya kitabibu huu ni ugonjwa wa wazee, na wazee wenyewe ni wavutaji na walevi wa muda mrefu.

Mwaka 2010 Robert Parker, White na wenzao wakaja na hesabu kamili zaidi. Katika rejista ya Tenwek, wagonjwa 109 wa saratani ya umio walikuwa na miaka 30 au chini. Hiyo ni kama 6 kwa kila wagonjwa 100 wa ugonjwa huo. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Waliovuta sigara au kunywa pombe kati ya hao vijana walikuwa wachache. Waliokuwa na ndugu aliyepata saratani ileile walikuwa wengi.

Nikisimama hapa kidogo, maana najua kuna wasomaji wangu wa takwimu watakaoinua mkono. Ndiyo, Kenya ni nchi ya vijana, kwa hiyo ugonjwa wowote utaonekana na vijana wengi kuliko Ulaya. Na ndiyo, rejista ya hospitali inahesabu waliofika, haisemi wangapi walibaki nyumbani. Ina kiasi cha juu bila cha chini, kama sehemu ya hesabu iliyokatwa nusu. Lakini swali langu halikuwa kiwango kwa kila watu 100,000. Swali langu lilikuwa kama mtu wa miaka 38 asiyeweza kumeza arudishwe nyumbani na vidonge. Kwa swali hilo rejista inatosha kabisa.

Kuhesabu peke yake hakumlishi mtu. Wengi walifika wakiwa wamechelewa kupasuliwa, na kupasua umio ni operesheni nzito, kifua kinafunguliwa. Hapa ndipo inapoingia teknolojia ninayoipenda kuliko zote katika hadithi hii, na haina hata transista moja.

Karibu na mwaka 1959, mtaalamu wa metali aitwaye William Buehler, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, alikuwa akitafuta metali itakayostahimili joto kwenye pua ya kombora. Akachanganya nikeli na titani. Mchanganyiko ukaitwa nitinoli, kwa alama za metali hizo mbili na herufi za jina la maabara. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba kipande chake kilichokunjwakunjwa kilipitishwa mkono kwa mkono kwenye mkutano, mmoja wa waliokuwapo akakipasha moto kwa kiberiti chake cha kiko, na kipande kikajinyoosha chenyewe. Metali inayokumbuka umbo lake. Unaifinya, inakubali. Ukiiachilia katika joto linalofaa, atomu zake zinarudi kwenye mpangilio wa awali.

Sasa suka nyuzi za nitinoli ziwe bomba la wavu. Libane liwe jembamba, lifunge ndani ya kifaa cha kupitisha. Lipitishe kooni hadi katikati ya uvimbe. Liachilie. Katika joto la mwili linatanuka lenyewe, polepole, na kusukuma uvimbe pembeni. Njia inafunguka. Hiyo ndiyo stenti. Haiponyi saratani, na hakuna aliyedai inaponya. Inamrudishia mtu kumeza.

Hospitali tajiri huiweka zikitazama picha za eksirei zinazotembea kwenye skrini. Tenwek walijifunza kuiweka kwa kamera ya kooni pekee, bila mashine hiyo. Mwaka 2009 walichapisha katika The Lancet Oncology matokeo ya stenti kama 1,000 walizoweka tangu 1999. Huo ulikuwa miongoni mwa mikusanyiko mikubwa ya aina hiyo popote, na ulitoka kwenye kilima cha Bomet. Kipimo chao kilikuwa nambari tano, na nilipokiona nilicheka kwa jinsi kinavyofanana na kazi zetu. 0 ni anakula kila kitu. 1, baadhi ya vyakula vigumu. 2, vilaini tu. 3, vya majimaji tu. 4, hata mate hayapiti. Kwa wastani wagonjwa walifika wakiwa juu ya 3 na kuondoka karibu na 1. Kwa wale ambao waliweza kufuatiliwa hadi mwisho, nusu waliishi zaidi ya miezi minane hivi.

Mjomba alifika akiwa kati ya 3 na 4. Alirudi nyumbani na karatasi ya maagizo: tafuna sana, kaa wima unapokula, usilale mara baada ya chakula, kitu kikikwama kunywa soda. Mama alimpondea viazi kwa maziwa. Wiki ya pili akadai ugali na isagek, na watu wazima wote wakatoka nje kwa visingizio mbalimbali, mmoja eti anaangalia ng'ombe. Mimi nilibaki nikimwangalia. Alikula kimya safari hii, bila sifa kwa mpishi. Aliishi miezi saba. Alichuma chai yake mwenyewe kwa minne kati ya hiyo.

Swali la kwa nini Bomet bado halijapata jibu moja, nami nitalipitia haraka. Chai yenyewe, ambayo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kuipanda kwa wingi Kericho miaka ya 1920, imeshtakiwa, si kwa majani bali kwa moto: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mursik imeshtakiwa pia. Utafiti wa 2013 ulikuta kwamba maziwa yale ya kibuyu yana pombe na asetaldehaidi. Urithi wa ukoo umo. Na moshi. Utafiti uliofanywa Bomet na kuchapishwa 2021, ukiongozwa na daktari wa upasuaji Michael Mwachiro wa Tenwek, ulipima mabaki ya kemikali za moshi kwenye mkojo wa watu wasio na dalili, na ukaonyesha jinsi jiko la kuni la ndani ya nyumba linavyoziingiza mwilini. Moshi huo ni uleule unaoharibu mapafu. Jiko la nyanya lilikuwa la mawe matatu, dirisha la ukubwa wa kitabu, na sisi watoto tulishindana nani atakaa ndani muda mrefu bila kutokwa machozi. Kama ningepewa nafasi ya kuweka dau, ningeweka kwa moshi, lakini mimi ni mtu wa programu, msinisikilize sana hapo.

Mwachiro huyohuyo na wenzake walikuwa wamefanya jambo jingine, lililochapishwa 2016, ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Hawakungoja wagonjwa. Walikwenda kwa watu 305 wa jamii wasio na dalili yoyote, wakawaingiza kamera, wakapulizia umio dawa ya iodini. Seli nzima hushika rangi ya kahawia, seli zilizoanza kuharibika hubaki zimepauka, kama kihariri cha msimbo kinavyokupigia mstari chini ya kosa kabla hujaendesha programu. Watu 14 kati ya kila 100 walikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Mmoja kwa kila saba, anakula ugali wake vizuri, hajui lolote. Wengi wao hawataugua kamwe, ila kundi hilo ndilo ambalo bado linaweza kuokolewa kabla ya stenti kuhitajika. Tangu hapo hospitali kama Tenwek zimeungana na nyingine za Afrika kwenye mtandao wa utafiti uitwao AfrECC, unaofuatilia sababu na pia kutafuta stenti kwa bei ambayo mtu wa kuuza ndama anaweza kuifikia.

Basi nikarudi kwa mteja. Nikamwandikia kwamba sharti la umri liondolewe kabisa kwenye shida ya kumeza, na sharti la kupungua uzito pia, maana mtu akisubiri akonde ndipo aaminiwe tumeshachelewa. Akanijibu kwa upole kwamba 55 imetoka kwenye mwongozo wa nje, na kwamba tukiwapeleka vijana wote hospitali zitafurika. Hoja ya pili ina uzito, sikuidharau. Kamera ni chache na foleni ni ndefu. Tulivutana siku nne. Akapendekeza 40. Nikamtumia makala ya 2010. Akapendekeza 18. Nikamwambia asome tena mstari unaotaja mdogo kuliko wote.

Tulikubaliana hivi: chakula kigumu kikikwama kwa zaidi ya wiki mbili, mgonjwa wa umri wowote anapelekwa kuchunguzwa kwa kamera. Shida ndogo zaidi ya hapo, anapigiwa simu baada ya siku 14, na programu haimruhusu muuguzi kufunga faili lake mpaka amejibu kama anameza.

Nambari 55 nimeifuta. Mahali pake nimeandika jaribio linaloendeshwa kila mara mtu yeyote anapogusa msimbo huo: mgonjwa wa kubuni, miaka 14, Bomet, ugali unakwama, wiki tatu. Programu isiposema "apelekwe", haijengeki.

Sehemu ya pili ya hifadhidata ni Ijumaa, mkono kifuani.